Mwenzi wa Kuzaliwa Naye: Safari ya Neno Genius

Mwandikie mtoto anayeanza kujifunza kusoma neno genius ubaoni, umwambie alisome. Atalisoma kama lilivyoandikwa: ge-ni-us, kwa g ya gari na e ya embe. Wakubwa watacheka na kumsahihisha, "jiniasi, mwanangu, jiniasi." Lakini mtoto ndiye aliyepatia. Hivyo ndivyo Warumi walivyolitamka miaka elfu mbili iliyopita, kabla halijapitia midomo ya Wafaransa na Waingereza likatufikia sisi limebadilika sura. Wala si matamshi peke yake yaliyopotea njiani. Ungemwambia Mrumi wa enzi ya Kaisari Augusto kwamba fulani ni jiniasi, angekukodolea macho. Kwake genius hakuwa mtu. Alikuwa kitu ambacho kila mtu anacho.

Ukitaka kumwona kwa macho, nenda Pompeii, mji wa kusini mwa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Mle mna nyumba ya Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, wanaume wawili wanaoaminika kuwa walikuwa watumwa walioachwa huru wakatajirika. Kumbi zao zimejaa michoro ya gharama, ya kumkoga mgeni. Lakini kando huko, karibu na jiko, mahali wapishi na watumishi walipopita na vyungu vyao, kuna kimahali cha ibada ukutani, kimejengwa kama uso wa hekalu dogo. Katikati amechorwa mwanamume aliyevaa toga nyeupe, ameivuta hadi kufunika kichwa kama alivyofanya Mrumi anapotoa sadaka. Mkono mmoja ameshika bakuli bapa la kumiminia mvinyo, mwingine kijaluba cha ubani. Kulia na kushoto vijana wawili wanacheza, pembe za kunywea juu juu; hao ni Lares, walinzi wa nyumba. Chini ya miguu yao nyoka mnene mwenye kishungi anajivuta kuelekea madhabahu. Yule wa katikati mwenye toga ndiye genius wa mwenye nyumba.

Jina lake linatokana na kitenzi cha Kilatini gignere, yaani kuzaa, ambacho shina lake ni gen-. Genius ndiye nguvu ya uzazi inayoufanya ukoo usikatike. Ndiye pia mwenzi unayezaliwa naye. Kitanda cha arusi kiliitwa lectus genialis, kitanda cha genius. Kila mwanamume alikuwa na wake, na wanawake walikuwa na Juno wao. Alikuja ulipokuja, akafuatana nawe, akaondoka ulipoondoka. Mshairi Horatius alimhesabu kuwa mungu, lakini mungu anayekufa.

Aliishi sehemu gani ya mwili? Servius, mfafanuzi wa kale wa mashairi ya Vergilius, anaeleza kwamba viungo vya mwili viligawiwa miungu, na paji la uso likawa la genius. Ndiyo maana watu waligusa paji walipomheshimu mungu huyo. Msomaji wa Kiswahili akifika hapa hana budi kutabasamu. Kwetu sisi kipaji ni sehemu ya uso iliyo juu ya macho, na kipaji ni kile alichojaliwa mtu na Muumba wake. Ni sadfa tu, maana Warumi hawakutuazima wala sisi hatukuwaazima. Sadfa tamu, lakini.

Siku kuu ya genius ilikuwa siku ya kuzaliwa mwenyewe. Mwaka 238 msomi aliyeitwa Censorinus alikuwa na rafiki tajiri, Quintus Caerellius, aliyekuwa anatimiza mwaka mwingine. Hakuona zawadi ya kumpa mtu mwenye kila kitu, akamwandikia kitabu kizima juu ya siku ya kuzaliwa. Humo anaeleza kwamba siku hiyo Mrumi alimtolea genius wake mvinyo, bila kuchinja mnyama, kwa kuwa haikufaa kuutoa uhai wa kiumbe kingine siku ile ambayo wewe uliupata wako. Ubani ulifukizwa na vikeki vikatolewa. Wenye mazoea ya keki na mishumaa ya siku ya kuzaliwa wanaweza kufikiri wenyewe.

Genius alikuwa pia na tumbo. Mtu aliyekula akashiba, akanywa na kustarehe, alisemwa amemdekeza genius wake. Bahili anayelala njaa na fedha anazo, alisemwa anamdhulumu. Katika mchezo wa kuchekesha wa Plautus uitwao Aulularia, uliotungwa miaka kama mia mbili kabla ya Kristo, mzee bahili amefukia chungu cha dhahabu na anajinyima kila kitu kwa ajili yake. Chungu kinapoibwa analia kwamba amejidhulumu nafsi yake na genius wake, na sasa wengine ndio watakaofaidi. Watazamaji walicheka, maana kila mmoja alimjua jirani wa namna hiyo.

Na kama kila mtu alikuwa naye, vitu na mahali je? Navyo pia. Kikosi cha jeshi kilikuwa na genius wake, na vivyo hivyo soko, ghala, chama cha mafundi, chemchemi na mji wenyewe. Wa mahali mara nyingi alichorwa kama nyoka, ndiyo sababu ya yule mwenye kishungi kule Pompeii. Mtumwa naye aliapa kwa genius wa bwana wake.

Kiapo hicho cha mtumwa ndicho kilichoiharibu shughuli.

Mwaka 30 KK, baada ya Octavianus kumshinda mpinzani wake Antonius, Seneti iliamuru kwamba katika kila karamu, ya umma na ya nyumbani, mvinyo umiminwe kwa heshima yake. Miaka michache baadaye akaitwa Augusto. Mwaka 7 KK aliugawa upya mji wa Roma katika wilaya 14, na wilaya katika mitaa. Kila mtaa ulikuwa na njia panda yenye kibanda cha Lares. Mwandishi Plinius Mkubwa, kwa hesabu za mwaka 73, anataja njia panda 265. Ndani ya vibanda hivyo, katikati ya wale vijana wawili wanaocheza, sasa akawekwa genius wa Augusto. Wa kumhudumia walikuwa viongozi wa mtaa, wengi wao watumwa walioachwa huru, watu wadogo waliofurahi kupata cheo. Anayewakumbuka wajumbe wa nyumba kumi kumi ataielewa siasa hii bila kufafanuliwa. Picha ilikuwa ileile ya jikoni, ila mwenye nyumba sasa ni mmoja, na nyumba ni dola nzima.

Haikuchukua muda kwa heshima kugeuka mtego. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Kaisari Caligula aliwaadhibu watu kikatili kwa kosa la kutowahi kuapa kwa genius wake. Kisha wakaja Wakristo, nao wakaufanya mtego huo uwe wazi kwa kila mtu.

Tarehe 17 Julai mwaka 180, mjini Carthage katika nchi tunayoiita leo Tunisia, watu wa mji mdogo wa Scillium walisimamishwa mbele ya gavana Saturninus. Kumbukumbu ya kesi hiyo imebaki, nayo ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya Kikristo katika Kilatini. Imetoka Afrika, si Roma. Msemaji wao aliitwa Speratus. Gavana hakuwa na hasira. Aliwaambia kwamba dini yake nayo ni nyepesi: wanaapa kwa genius wa bwana wetu mfalme na wanamwombea afya, basi na wao wafanye hivyo. Speratus akakataa. Gavana akamuuliza kilichomo katika mkoba wake, akajibiwa kwamba ni vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwadilifu. Akawapa siku 30 wakafikiri. Hawakuzitaka. Watu 12 wakahukumiwa kufa kwa upanga, wanaume saba na wanawake watano.

Soma kesi hiyo ukiwa umetoka kwenye jiko la akina Vettius, utaona umbali ulivyo mkubwa. Yule mwenzi wa kuzaliwa naye, mpenda keki, ametumwa kuua.

Karne mbili baadaye gurudumu lilizunguka. Wakristo walishika dola, na tarehe 8 Novemba 392 Kaisari Theodosius akatoa sheria iliyopiga marufuku ibada za siri za nyumbani. Sheria hiyo inataja mmoja mmoja: asiheshimiwe Lar kwa moto, wala genius kwa mvinyo, wala Penates, walinzi wengine wa nyumba, kwa manukato. Vibanda vya jikoni vikanyamaza. Kazi ya kumlinda mtu tangu kuzaliwa ikapewa malaika.

Neno halikufa, lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja lilikuwa kama mstaafu: linatajwa katika vitabu vya washairi na wasomi, halina kazi mtaani. Kazi ilifanywa na ndugu yake, ingenium. Hilo lilimaanisha kile ulichozaliwa nacho ndani yako: tabia ya asili, akili, werevu. Kutoka werevu wa mtu likahamia kwenye chombo kilichobuniwa kwa werevu, hasa mitambo ya vita ya kurushia mawe na kuvunjia kuta. Aliyeibuni mitambo hiyo akaitwa ingeniator. Wafaransa wakayachonga maneno hayo, Waingereza wakayachukua, na karne nyingi baadaye yakashuka bandarini kwetu na reli na meli za moshi: injini na injinia.

Hapo ndipo ukoo wa neno hili unapoingia nyumbani kwetu, nao ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Jenereta ni ya shina lilelile la kuzaa, ndiyo maana inazalisha. Jenerali naye yumo, kwa njia ya neno genus, aina au jamii. Jeni, zile chembe za urithi, zilipewa jina mwaka 1909 na Wilhelm Johannsen wa Denmark kutoka shina la Kigiriki ambalo ni dada wa lile la Kilatini. Wa ajabu kuliko wote ni jinsi na jinsia. Haya tunayahesabu kuwa maneno ya Kiarabu, na kweli tuliyapata kwa Waarabu. Lakini Waarabu nao walilipata neno lao jins kupitia Kiaramu kutoka Kigiriki genos, ukoo, kizazi. Kwa hiyo kila tunapouliza "jinsi gani?" tunamgusa binamu wa genius bila kujua, na tulimpata kwa njia ya jahazi kabla Mwingereza hajatia nanga.

Mtu ataniuliza: na jini je? Huyo ndiye kila mtu anayemdhania kuwa ndugu, naye si ndugu. Jini wetu ametoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufichika. Humo ndimo alimotoka pia majnuni, mtu aliyefunikwa akili. Waliowachanganya ni Wafaransa. Antoine Galland alipoanza kuchapisha tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela mwaka 1704, alikutana na majini kila ukurasa. Katika Kifaransa lilikuwapo neno génie, mtoto wa genius, lenye maana ya pepo. Linasikika kama jini, linakaribia maana ya jini, akalitumia. Tangu hapo kiumbe anayetoka kwenye chupa anaitwa Ulaya kwa jina la yule bwana mwenye toga wa Pompeii.

Waarabu wenyewe walikuwa wameshafika hapo kwa mguu wao. Mtu mwenye akili isiyo ya kawaida humwita abkari, yaani mtu wa Abkar, bonde ambalo Waarabu wa kale walisema ni makazi ya majini. Mshairi wa enzi za ujahilia aliaminika kuwa na jini wake anayempa beti. Mwaka 1942 Abbas Mahmud al-Aqqad wa Misri alipoandika kitabu juu ya ukuu wa akili ya Mtume Muhammad, neno alilochagua kwa jina la kitabu lilitoka katika bonde hilohilo. Majini walikuwa wamesahauliwa.

Turudi Ulaya, maana karne ya 18 ndiyo iliyolipindua neno letu. Mpaka hapo mtu alikuwa na genius: wa kwake, mwema au mbaya, mwenye mwelekeo huu au ule. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado inaanza na maana ya pepo anayelinda watu na mahali. Lakini mawazo yalikuwa yameshaanza kusogea. Tarehe 3 Septemba 1711 Joseph Addison, katika gazeti la The Spectator la London, aliwagawa wenye genius mafungu mawili: waliozaliwa hivyo bila kufundwa, kama Homeros na Shakespeare, na waliojinyoosha kwa kanuni, kama Vergilius na Milton. Alijitahidi asipendelee upande. Wasomaji walipendelea. Mwaka 1759 Edward Young, mchungaji na mshairi aliyekuwa ameshazeeka, akaandika kwamba kazi ya asili huota kama mmea wenyewe na haitengenezwi kwa mikono. Wajerumani waliipokea hoja hiyo kwa shangwe. Miaka ya 1770 vijana wao wa fasihi waliandika kwa moto mkali hata kipindi kile kikaitwa zama za genius.

Mzee wa Königsberg, Immanuel Kant, ndiye aliyeipigia hoja hiyo msumari. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuamua, alisema genius ni kipawa cha asili ambacho kwacho maumbile huipa sanaa kanuni zake. Halafu akaongeza jambo linalowaudhi wanasayansi mpaka leo: Newton hakuwa mmoja wao. Kwa nini? Kwa sababu Newton angeweza kuonyesha hatua zake zote tangu mwanzo, na mwanafunzi mwenye bidii akazifuata. Homeros hangeweza kueleza yale mawazo yalimjiaje kichwani, wala Wieland. Wieland huyu alikuwa mshairi maarufu wa Kijerumani wa wakati huo, na nina hakika wasomaji wengi ndiyo kwanza wanalisikia jina lake, jambo linalosema kitu kuhusu kuwataja majiniasi walio hai. Kant hakusahau asili ya neno. Alikumbusha kwamba huenda linatokana na yule roho mlinzi anayepewa mtu siku ya kuzaliwa.

Lakini angalia kilichotokea. Kilichokuwa cha kila mtu, hata cha mpishi, hata cha ghala la nafaka, sasa ni cha wachache. Mtu hana tena genius. Mtu ndiye genius. Na mara uwanja ulipowekewa ua, swali la pili likawa ni nani asiyeruhusiwa kuingia.

Jibu lilikuwa limeshatayarishwa. Mwaka 1753 mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliongeza tanbihi katika insha yake juu ya tabia za mataifa, akidai watu weusi ni duni kwa maumbile. Na kuhusu mtu mweusi mmoja msomi wa Jamaica alisema huenda ni kama kasuku anayetamka maneno machache vizuri. Mwaka 1764 Kant, kabla hajawa Kant tunayemjua, alimrudia Hume akikubaliana naye. Phillis Wheatley, msichana aliyefikishwa Boston kwa meli ya watumwa mwaka 1761 akiwa na umri wa miaka kama saba, alipotaka kuchapa mashairi yake London mwaka 1773, ilibidi kitabu kitangulizwe na hati iliyotiwa saini na waheshimiwa 18 wa Boston, akiwemo gavana, kuthibitisha kwamba ni yeye kweli aliyeyatunga. Thomas Jefferson aliyasoma, akasema hayafikii hata kiwango cha kuhakikiwa.

Katika jimbo la Jefferson, Virginia, aliishi mzee aliyeitwa Thomas Fuller. Aliletwa kutoka Afrika mwaka 1724 hivi, kijana wa miaka kama 14, akalima shamba maisha yake yote. Hakujua kusoma wala kuandika. Alisema alianza kwa kuhesabu hadi kumi, halafu mia, halafu akajiona mwerevu. Baadaye akazihesabu nywele za mkia wa ng'ombe, akapata 2,872. Alipokuwa mzee, wageni wawili kutoka Pennsylvania walimtembelea kumpima, na daktari Benjamin Rush akaziandika habari zake mwaka 1788. Walimuuliza mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi. Baada ya kama dakika mbili akajibu: 47,304,000. Wakamuuliza mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi. Kwa dakika moja na nusu akasema 2,210,500,800. Mmoja wa wale mabwana, aliyekuwa akipiga hesabu kwa karatasi na kalamu, akamwambia amekosea, jumla si kubwa kiasi hicho. Mzee akamkatiza: bwana amesahau miaka mirefu. Yule bwana akaziongeza siku za miaka mirefu, hesabu zikalingana.

Nimeifanya hesabu hiyo mwenyewe, kwa kikokotoo cha simu. Miaka 70 ina siku 25,550. Ongeza 17 za swali na 17 za miaka mirefu, ongeza nusu siku, zidisha kwa 86,400. Fuller hakukosea hata sekunde moja. Alifariki mwaka 1790, mwaka uleule Kant alipochapa kitabu chake, akiwa bado mtumwa. Mtu mmoja aliwahi kumsikitikia kwa kukosa elimu. Alijibu kwamba ni heri hivyo, kwa kuwa wasomi wengi ni wapumbavu wakubwa.

Karne iliyofuata ilitaka kupima kila kitu, na genius naye akapelekwa kwenye mizani. Francis Galton, ndugu wa Charles Darwin upande wa babu, alichapa mwaka 1869 kitabu kilichodai kwamba genius hurithiwa. Ushahidi wake ulikuwa orodha za majaji, mawaziri, majemadari na washairi wa Uingereza pamoja na jamaa zao; hata wapiga makasia na wapigana mieleka hawakuachwa. Kwamba mtoto wa jaji huwa jaji kwa sababu baba yake anawajua majaji, hilo halikumsumbua sana. Katika chapa ya mwaka 1892 alikiri kwamba jina la kitabu lilimponyoka, na bora angesema uwezo, si genius. Lakini alikuwa ameshafanya lingine: mwaka 1883 alibuni jina la elimu ya kuzalisha watu bora, yujeniki, kutoka lile shina la Kigiriki la kuzaa.

Elimu hiyo ilifika hadi kwetu. Nairobi, mwaka 1933, ilianzishwa jumuiya ya kuchunguza uboreshaji wa mbari. Dakta H. L. Gordon wa hospitali ya akili ya Mathari alikuwa mstari wa mbele kudai kwamba akili ya Mwafrika ni duni kwa maumbile, na mwenzake F. W. Vint alikata na kupima bongo za maiti wa Kiafrika, akachapisha matokeo mwaka 1934 katika jarida la wanaanatomia la Uingereza. Waliiomba serikali ya London fedha za kuendeleza utafiti. Hawakuzipata.

Marekani mizani ilikuwa orodha ya maswali. Alfred Binet na Théodore Simon waliitunga Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliigeuza mwaka 1916 iwe ngazi yenye juu na chini, na aliyepita alama 140 akawekwa katika fungu la jiniasi au anayekaribia kuwa jiniasi. Mwaka 1921 alianza kuwakusanya watoto wa California wa fungu la juu, zaidi ya 1,500, na kuwafuatilia maishani. Wavulana wawili walipimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwingine mwaka 1968. Kati ya walioteuliwa hakuipata hata mmoja. Shockley alikuja kutumia uzee wake kuhubiri kwamba watu weusi wana akili ndogo, na sijui nani angecheka zaidi, Galton au mzee Fuller.

Albert Einstein alipofariki Princeton tarehe 18 Aprili 1955, daktari aliyemfanyia uchunguzi, Thomas Harvey, aliutoa ubongo wake bila ruhusa, akaukata vipande kama 240, akavihifadhi kwa miaka mingi. Warumi walimgawia genius paji la uso. Harvey alikwenda kumtafuta palepale.

Na sisi tunasemaje? Watoto wa shule Tanzania humwita mwenzao mwenye akili kipanga, kwa jina la ndege mkali wa macho. Mtaani utasikia "huyu ni kichwa". Jiji la Dar es Salaam liliitwa Bongo kwa sababu asiyeutumia ubongo hakai. Fundi aliyebobea ni gwiji, nguli, bingwa. Mtunzi mkuu wa mashairi ni shaha. Hayo yote ni ya mtu aliyeonyesha kazi, si aliyezaliwa nayo. Kwa cha kuzaliwa nacho tuna kipawa na kipaji, na hapo sarufi yetu ilikuwa karibu na Warumi kuliko Kant: kipawa ni kitu ulichopewa, wewe si kipawa. Bibi yangu angesema "ana kipaji cha kusuka", hangesema msusi mwenyewe ni kipaji.

Siku hizi fungua kurasa za michezo. Klabu zinasaka vipaji mikoani. Kipaji kipya kimetua, kimesaini miaka mitatu, kimeumia goti. Safari ambayo neno la Warumi lilichukua karne kumi na nane kuimaliza, la kwetu limeimaliza kati ya msimu mmoja wa usajili na mwingine.